Spana Iliyopindwa kwa Moto

Siku Kimya alipomtia machoni kwa mara ya kwanza, mtu yule alikuwa amesimama kwenye geti la gereji, shingo upande, kama kuku aliyesikia hatua. Kimya alikuwa akinyoosha bati la mlango. Kando yake, gari la marehemu baba yake lilikuwa limewashwa, likikohoa na kutikisika.

"Kaka, gari linalia hilo," mgeni akasema. "Humsikii mwenzako?"

Kimya aliinua mabega tu. Jina hilo alipewa kwa sababu hata salamu zilimtoa jasho. Mgeni akaingia bila kukaribishwa, akafungua boneti, akashika distributa, kile kikopo kinachogawa moto kwenye plagi, akakizungusha kidogo, na kidogo tena. Mlio ukatulia. Ukawa ule ule ambao Kimya aliusikia utotoni, baba akirudi kazini.

Kimya akageukia ukuta, mgeni asije akamwona macho.

Basi mtu akapewa kona yake mle gerejini, akapewa na jina: Sikio. Mafundi wengine walitafuta taimingi, wakati hasa wa moto kuwaka, kwa taa, yeye aliisikiliza. Kila Jumamosi Kimya aliketi kwenye usukani, Sikio akainama kwenye injini. "Kanyaga. Acha. Kanyaga, tulia hapo hapo." Kwa Kimya, hayo yalikuwa mazungumzo ya kutosha. Nati ya distributa ilijificha nyuma ya injini, spana ya kawaida haikuifikia. Kimya akaitia spana moja motoni, akaipinda kama shingo ya bata, akampa rafiki yake.

"Hii nitazikwa nayo," Sikio akacheka.

Alipokuja kumposa dada mdogo wa Kimya, wajomba walinuna: mtu gani huyu, katokea wapi? Kimya, ambaye hakuwahi kusema mbele ya watu, alisimama. "Huyu namjua," akasema, akaketi. Ilitosha.

Miaka ikaenda, kisha gari likaugua. Mlima wa sokoni likaupanda kwa kutambaa, maji yakichemka, bomba la moshi likilipuka mpaka wapita njia wakainama.

"Injini imezeeka, shemeji," Sikio akamwambia, mkono begani. "Mzee mwenyewe alikwenda, sembuse chuma? Kuna bwana mmoja anakusanya magari ya zamani. Mpe akalilaze pazuri."

"Baba alisema nisiliuze."

"Hakusema ulitazame likifa."

Kimya akakubali shingo upande.

Asubuhi ya kuja kwa mnunuzi, aliamua kulisafisha hata injini, baba asiaibike. Akasugua kwa mafuta ya taa mpaka zikatokea alama mbili ambazo marehemu alizichonga kwa patasi: moja kwenye injini, nyingine kwenye shingo ya distributa. "Zikitazamana, gari lina afya," alikuwa akimwambia. Siku ile ya kwanza Sikio, bila kuambiwa, alizikutanisha kwa sikio tu. Sasa zilipeana mgongo kama wake wenza. Na katikati ya masizi yote yale, nati ilikuwa inang'aa. Ilikuwa imefunguliwa juzijuzi.

Spana iliyoweza kuifikia ilikuwa moja tu, na Kimya aliipinda kwa mikono yake.

Akaitoa kwenye sanduku la Sikio. Akalegeza nati, akazitazamanisha alama, akakaza, akawasha. Baba akarudi kazini.

Hapo Sikio akaingia na mnunuzi. Bwana yule akasimama, akasikiliza.

"Si ulisema injini imekufa?"

"Haikufa," Kimya akasema. Sauti yake ilimshtua mwenyewe. "Moto ulicheleweshwa."

Mnunuzi akamgeukia Sikio. "Nilikwambia ukinipatia gari hili, nitakufanya mkuu wa karakana yangu. Nilikutuma uliharibu?" Akaondoka bila kuaga.

"Shemeji, ningekueleza..."

"Nilisimama mbele ya wajomba."

"Najua."

"Nikasema nakujua."

Sikio akakusanya vyombo vyake. Spana ile hakuiomba. Tangu siku hiyo dada huja na watoto peke yake, na Kimya hamuulizi kitu.

Gari linakwenda, ila kwenye ule mlima hugonga kidogo, tik tik tik. Kila mara Kimya huinua boneti, huishika spana, kisha huirudisha. Alama za baba zinatazamana. Lakini baba alizichonga injini ikiwa changa. Na alichoambiwa na Sikio akiondoka huenda kilikuwa kweli, huenda kilikuwa uongo mwingine. Hana tena wa kumuuliza. Siku ile, Sikio alipofika getini, sanduku mkononi, injini ingali inanguruma, alisimama pale pale aliposimama siku ya kwanza, akalaza shingo upande.

"Moto umewahi kidogo, shemeji. Urudishe nyuma, unywele tu."