Nilivyokimbilia Mabati ya Mama

Mimi mbio sikufundishwa na mtu. Nilizaliwa Kimuli, enzi hizo Kyerwa yote ikiwa bado ni wilaya ya Karagwe, na shule yetu ilikuwa ng'ambo ya mabonde mawili. Aliyechelewa alikula fimbo, na mimi fimbo sikuzipenda. Nilipoolewa Nyakahanga nikadhani basi, miguu imestaafu, itakuwa ya kuendea shambani na mtoni tu. Wapi! Miguu iliyozoea kukimbia ni kama mbuzi aliyezoea kuzurura, ukimfunga anakata kamba.

Miaka ile, kila siku ya pili ya Krismasi kulikuwa na mbio za barabarani kutoka Nyakahanga kupanda hadi sokoni Kayanga. Wanaume walitangulia, sisi wanawake tukafuata. Viatu vya mbio hatukuvijua. Ulifika, ukajifunga kanga vizuri kiunoni, ukasimama nyuma ya mstari uliochorwa kwa kijiti, na mwalimu mmoja akapuliza filimbi. Zawadi zilikuwa vitu vya nyumbani: jembe, sufuria, kitenge, mche wa sabuni. Msizicheke. Baada ya vita ya Uganda sabuni ilikuwa adimu, watu tulifulia majani ya mpapai na kushukuru.

Mara ya kwanza nilipata sabuni, mara ya pili nikapata sufuria. Mume wangu hakuwa na neno. Aliniambia tu, "Kimbia mke wangu, ila usije ukakimbia moja kwa moja." Ndivyo alivyokuwa, mtu wa utani mpaka leo, na Mungu amzidishie.

Halafu ukaja mwaka ambao tulitangaziwa kanisani kwamba mfanyabiashara mmoja wa Kayanga atatoa mabati kwa mwanamke atakayeshinda. Mabati! Ya kutosha kuezeka nyumba ndogo. Wenzangu walipiga vigelegele pale pale nje ya kanisa. Mimi nilikuwa nimeshaiona nyumba ambayo mabati yale yangekaa juu yake.

Ilikuwa nyumba ya mama yangu, kule Kimuli. Mama na baba walitoka Rwanda wakati wa machafuko, kabla mimi sijazaliwa, wakapokelewa na kupewa mahali pa kulima. Baba akafariki mapema. Mtoto ni mimi peke yangu. Nyumba ya mama ilikuwa ya nyasi, na nyasi zilikuwa zimeoza. Kwa wenzake waliokuwa na ukoo, kuezeka ilikuwa kazi ya siku moja: mashemeji na wajomba wanakata nyasi, wanapanda paani, jioni wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mama hakuwa na shemeji wala mjomba pale. Mume wangu angekwenda mbio, lakini kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Sasa atapandaje juu ya paa, mama mkwe yuko chini yake? Hata kusema tu ilikuwa aibu. Katazo hilo halimgusi baba wa mume, lakini mkamwana hamtumi mzee kupanda paa.

Mwezi wa Novemba nilikwenda kumwona, mvua ikinyesha. Nilimkuta amejikunyata kwenye kona moja iliyobaki kavu, yeye na kuku wake. Akanikaribisha kwa furaha kabisa. "Karibu mwanangu, njoo huku, hii kona bado nzuri." Nilikaa naye kwenye ile kona, tukala ndizi tukiwa tumebanana na kuku. Nilipotoka nililia njia nzima. Nikajiambia, mwaka huu sitafuti sufuria.

Nikaanza mazoezi. Asubuhi nilipokwenda mtoni nilikwenda mbio, nikarudi mbio na ndoo tupu, halafu nikarudi tena kuteka kama watu wengine. Majirani walinisema, jamani! Mmoja alisema nimerogwa. Mwingine alisema namkimbia mume wangu lakini nimesahau njia. Nao walinifaa, maana hasira hupandisha mlima.

Aliyenitia hofu alikuwa baba mkwe wangu. Tulimwita Tata, ndivyo kwetu tunavyomwita baba, na nyumba yake na yetu zilikuwa katika kibanja kimoja cha migomba na kahawa. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye maneno machache na masikio makubwa. Neno lake lilikuwa "heshima si utumwa", na alilisema mara nyingi kiasi kwamba wanangu walilijua kabla ya Baba Yetu. Kuhusu mbio zangu hakusema kitu. Alikuwa anaguna tu. Mguno wa Tata ulitosha kuunguza chakula jikoni.

Siku ikafika. Filimbi ikalia, nikatoka. Nyuma yangu walikuwa wanawake wawili walioolewa katika ukoo wetu, na baada yao muuguzi mmoja kijana, mgeni, mtu wa kutoka Kilimanjaro huko. Nilikimbia vizuri. Wazee waliosimama pembeni tuliwainamishia kichwa na kusema shikamoo huku tunapita, na siku ya mbio walituelewa. Nikafika kwenye kona ile kabla ya mlima wa mwisho, sijaona kivuli cha mtu karibu yangu. Nilikuwa nimeshaanza kupigilia misumari moyoni.

Nikapinda kona. Katikati ya barabara, amevaa koti lake la kanisani, amefungua mikono miwili, amesimama Tata.

Sasa wewe usiyekuwa wa kwetu utasema, si ungepita? Ungepitaje? Yule si mzee wa pembeni, ni baba wa mume wako. Mkamwana wa Kinyambo, kabila la huku Karagwe, akikutana na baba mkwe wake anapiga magoti, anamwamkia, na hainuki mpaka mzee amalize kuitikia. Kichwa changu hakikupata hata nafasi ya kufikiri. Magoti yenyewe yalikwenda chini, pale pale kwenye changarawe, pumzi inanitoka puani.

"Shikamoo Tata."

"Marahaba, mwanangu," akasema, taratibu, kama tuko sebuleni. "Hamjambo?"

"Hatujambo Tata."

"Watoto wazima?"

"Wazima Tata."

"Na yule ndama je, anaendelea kunyonya?"

Ndama! Alikuwa amemwona ndama asubuhi ile ile kwa macho yake mawili. Nikajibu ananyonya. Nikasikia vishindo nyuma yangu, nikajua nimekwisha. Lakini wale wenzangu wawili walipofika, nao ni wakamwana wa ukoo, nao wakaenda chini, puu, puu! Tukawa watatu tumepiga magoti katikati ya barabara ya Kayanga, tumelowa jasho, tunaulizwa habari za nyumbani. Watu waliokuwa kwenye migomba walicheka mpaka wakakaa chini.

Muuguzi wa watu akaja. "Shikamoo mzee!" akasema bila kupunguza mwendo, akatupita kama anavyopita mtu kwenye foleni isiyomhusu. Tata akamwitikia, akageuka kumtazama anavyoupanda mlima, kisha akatutazama sisi. Nafikiri hapo ndipo alipoelewa. Akasema, "Haya, inukeni." Tuliinuka, lakini yule binti alikuwa na miguu, nisiwadanganye. Mabati akachukua yeye. Mimi nikapata sufuria nyingine.

Pale sokoni watu hawakumwonea Tata huruma. "Mzee, umemwamkia mkamwana mpaka mabati yameota kutu!" "Mzee, ndama hajambo?" Aliegemea fimbo yake tu. Mimi nilinuna, sifichi. Nilifika nyumbani nikaitupa ile sufuria jikoni ikalia kama kengele. Mtu mzima, nikakaa karibu na mafiga nikalia kwa kwikwi, nikamlaani kila ndama aliyewahi kuzaliwa.

Mume wangu akaja akakaa karibu yangu. Kwa mara ya kwanza hakufanya utani. Akasema, "Unajua kwa nini alivaa lile koti? Alitoka tangu asubuhi kwenda kukushangilia. Alitaka watu wajue wewe ni wa kwake."  Kulia niliendelea, ila sasa sikujua namlilia nani.

Tata hakuniomba radhi. Mzee wa kwetu hamwombi mkamwana radhi, na mimi nisingejua niuweke wapi msamaha kama huo. Lakini baada ya hapo niliona vitu vidogo. Nikienda mtoni mbio, aliyekuwa akiguna sasa alikuwa anawafukuza watoto njiani. "Mpisheni mama yenu!" Siku moja aliuliza mezani, bila kunitazama, mama yangu anaendeleaje kule Kimuli na mvua hizi. Nikasema anaendelea. Mume wangu ndiye aliyemweleza yote, nyumba, kona na kuku.

Mwaka ule mvua ilinyesha vibaya. Nilimwomba mama aje akae kwetu Nyakahanga mpaka masika yapite. Alinicheka. "Nilale kwenye kibanja kimoja na mkwe wangu? Nitakufa kwa haya kabla mvua haijaniua." Ile kona yake ilizidi kuwa ndogo. Kuku wawili alikuwa ameshawachinja, akasema ni kwa sababu ya sikukuu, wakati sikukuu haikuwapo. Nilirudi kwangu nikakimbia zaidi.

Krismasi nyingine ikaja, na kwa neema ya Mungu yule mfanyabiashara alikuwa bado na moyo wake. Mabati tena. Kabla ya mbio wakwe zangu na majirani walinitania kuanzia asubuhi. "Leo umeshamwamkia mzee? Kamwamkie kabisa, umalize!" Kweli nilikwenda kumwamkia, lakini sikumkuta. Mama mkwe akasema ametoka alfajiri na fimbo yake, hakuaga.  Nikasema moyoni, Tata, leo tafadhali, kaa mbali nami.

Filimbi ikalia. Yule muuguzi alikuwapo tena, na safari hii hakuniruhusu nimwache. Tulikwenda bega kwa bega kutoka mwanzo, yeye na pumzi yake, mimi na yangu. Alikuwa binti mwema, aliwahi kunitibia mwanangu, lakini siku ile ningeweza kumsukuma mtaroni, Mungu anisamehe. Tukapita pembeni pa wazee, tukainamisha vichwa. Kutangulia si kufika, nilijisemea, tulia. Tukaifikia ile kona.

Barabara ilikuwa tupu. Nikashusha pumzi. Kisha jicho likaenda pembeni, nikaona koti.

Tata alikuwa ameingia ndani ya migomba, hatua chache tu kutoka barabarani. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Mzee mzima, mzee wa kanisa, amesimama uso kwa uso na mgomba kama mtoto aliyetiwa adabu na mwalimu, kofia ameishusha mpaka machoni, ili mimi nisimwone. Nikajua amekaa pale tangu alfajiri. Kwetu anayejificha kwa heshima ni mkamwana. Sijasikia, kabla wala baada, mzee aliyejificha kwa ajili ya mkamwana wake.

Na unajua kilichotokea? Nilishamwona. Ukishamwona umemwona. Magoti yakaanza kulegea yenyewe, mwendo ukapungua, muuguzi akanipita kwa bega, kisha kwa mgongo mzima. Nilitaka kupita na sikuweza. Mdomo ulikuwa umefunguka kutamka shikamoo, lakini pumzi ya kuitamka sikuwa nayo.

"Marahaba!"

Ilikuwa sauti ya Tata. Hakugeuka. Alikuwa anauambia ule mgomba, kwa sauti ya kufika hadi ng'ambo ya bonde.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Nimeshaitikia! Watoto wazima, ndama mzima, pita!"

Nilipita. Jamani, nilipita! Ule mlima wa mwisho sijui niliupandaje, nakumbuka tu kwamba nilikuwa nacheka na machozi yanaingia mdomoni, na kwamba mgongo wa muuguzi ulikuwa mbele, kisha ukawa pembeni, kisha sikuuona tena. Nilipofika sokoni niliwaangukia wanawake wa ndizi, wakanimwagia maji. Nikaonyeshwa mabati yangu yameegemezwa ukutani, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Yule binti akaja akanikumbatia. Akasema, "Dada, yule mzee wako ana sauti!"

Sikusubiri hotuba. Niliteremka tena ule mlima, watu wananiita nirudi nikapokee zawadi. Nikamkuta Tata ndiyo kwanza anapanda, polepole, majani makavu ya mgomba yamenata kwenye koti. Nikapiga magoti barabarani, na safari hii niliyapiga mwenyewe, kwa moyo wangu wote.

"Shikamoo Tata."

 Akaninyooshea ule mkono usio na fimbo.

"Hiyo nilishaitikia," akasema. "Inuka. Twende tukamwezekee mama yako."