Nilisikia "Hii", Nikaelewa "Huyu"

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, ndipo shida ilipoanza kwangu, na ndipo nilipojifunza kushuku watu. Siyasemi hayo ili nijitetee. Kosa ni langu, nimelifanya uzeeni, akili timamu, sijalewa wala sijatumwa na mtu. Nilimwita mkwe wangu mchawi, na hakuwa mchawi. Haya, nimesema! Mhariri, Kiswahili changu utakinyoosha, lakini kosa langu usilinyooshe.

Mwaka huo baba alifariki, kule Shishiyu. Kabla udongo haujakauka, baba zangu wadogo waligawana ng'ombe. Mimi nikaachishwa darasa la tatu, nikapewa fimbo nikachunge ng'ombe wale wale ambao juzi walikuwa wetu. Na msibani wote walilia! Walilia mpaka wakashikiliwa. Nikajiambia, mtu akilia mbele yako usimtazame macho, mtazame mikono.

Kwa akili hiyo nimefika nilipofika. Nilipouza pamba, nilianza kwa kuijaribu mizani ya mnunuzi na jiwe langu ninalolijua uzito wake. Nilipoanza kununua mwenyewe, nilizamisha mkono kwenye gunia mpaka kwapani, maana na mkulima naye anaficha mchanga katikati. Walinicheka. Hao walionicheka ndio wanaokuja kukodi trekta langu.

Sasa sikilizeni.

Kijana wangu wa pili ana kazi ya ofisini Lagangabilili. Alioa Tanga. Huyo mkwe nitamwita Mwanaidi, silo jina lake. Nyumba yao ilikuwa haijaezekwa, na mtandao kwangu huku pembeni ya Bariadi ni mzuri, basi akaja kukaa kwangu na mtoto wao mchanga. Kijana alikuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Nikampa mkwe stoo niliyokuwa naweka pamba. Nikaisakafia, nikamwekea na soketi. Mimi si mchoyo.

Lakini kazi yake sikuielewa.

"Anatengeneza kompaila, baba," kijana aliniambia.

"Ndiyo mdudu gani?"

"Ni kama mkalimani. Mtu anaandika maagizo, kompaila inayageuza yawe lugha ya mashine."

"Na mashine inasalimiaje kwa lugha yake? Mwangaluka, kama sisi Wasukuma?"

Akacheka sana. Mimi nilikuwa sitanii.

Mtu hatoki nyumbani, hana duka, hana jembe, na mshahara unaingia. Anaongea na kompyuta peke yake, anacheka peke yake. Nikaanza kutazama mikono. Mikono ilikuwa haitulii, inadonoa donoa tu kama kuku.

Kumuuliza nisingeweza. Kwetu Wasukuma baba mkwe na mke wa mwanawe wana heshima kubwa. Hamkai jamvi moja, hamli sahani moja, hamtazamani usoni mkabishana. Neno likiwepo linapita kwa mtu wa kati. Mke wangu aliniambia, "Nitume mimi nimuulize." Nikamtazama. Juma lile lile mkwe alikuwa amemletea khanga mpya. Nikaona huyu naye keshanunuliwa.

Basi nikafanya ujinga. Mchana, watu wakiwa mashambani, niliweka kiti nyuma ya stoo, nikajifanya napumzika kivulini. Bati halizuii sauti.

Mambo mengi yalikuwa ya Kizungu, yalinipita. Kilichonishika ni Kiswahili. Alikuwa anaongea na mwenzake, mwanaume, sauti inatoka kwenye kompyuta.

"Hii ndogo inaitwa kila saa," mkwe akasema. "Imeze tu."

"Na ile kubwa?"

"Kubwa iache kwanza. Ukiimeza kubwa tumbo linajaa, kila kitu kinakuwa kizito. Tuanze na ndogo ndogo."

"Ikishamezwa je?"

"Ikishamezwa haiitwi tena. Imekwisha."

Wakacheka! Jamani, walicheka wote wawili!

Nilisimama, nikakaa tena. Nyumbani kwangu mdogo anayeitwa kila saa ni nani? Ni Kabula, mjukuu wangu kwa binti yangu, mtoto wa miaka minne. Kutwa nzima ni Kabula lete kiberiti, Kabula fukuza kuku, Kabula mwambie babu chakula tayari. Na mkubwa wa mji ule ni nani? Ni mimi! Mimi ndiye ninayesubiri tumbo lipate nafasi!

Utasema, mzee, mbona alisema "hii", hakusema "huyu"? Ndugu yangu, wewe hujakaa Simiyu. Huku kwetu tunasema hii mtoto, hii mzee, hii mama imekuja. Kiswahili tulikikuta ukubwani, na maneno hayo mawili kwetu yanalala kitanda kimoja. Kumbe kwa mtu wa Tanga hayajawahi kukutana.

Siku chache baadaye Kabula akashikwa na homa.

Mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema apelekwe hospitali. Nikashuku, mbona ana haraka? Akapanda bodaboda na mke wangu, mtoto katikati. Wakarudi na dawa, malaria. Siku ya tatu Kabula alikuwa anafukuza kuku. Mwenye akili angesema dawa imefanya kazi. Mimi nikasema, kamtema, kaona anashukiwa!

Hapo nikaenda kwa jirani yangu, rika langu, mtu wa sungusungu. Nikamwambia neno moja tu, "Kwangu kuna anayemeza watoto."

"Umeona?"

"Nimesikia kwa masikio haya."

"Gete?" Yaani, kweli kabisa?

"Gete."

Hakuuliza zaidi. Na mimi nilijua hatanyamaza. Nisidanganye, nilimwambia ili asinyamaze.

Siku ya mnada ilipofika habari ilikuwa imenitangulia. Wanawake walikuwa wakimwona Mwanaidi kisimani wanabeba ndoo zao tupu na kuondoka. Muuza nyanya alikataa pesa yake. Ninyi wa mbali hamjui, lakini huku kwetu neno lile likimshika mtu, halimwachii hata ngozi. Bibi wengi wamekufa kwa panga kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Nilijua hayo yote. Nilijua!

Ukoo ukaitwa. Tukakaa uani, wazee, jirani yangu, na nje ya ua watu wengine ambao hatukuwaita. Mwanaidi akaja amejitanda, mtoto mgongoni. Kijana wangu hakuwepo. Nilipanga hivyo.

Jirani akamsomea shitaka, neno kwa neno, maana asubuhi ile nilikuwa nimemweleza yote niliyoyasikia. Nilitegemea alie. Hakulia. Alivunja mwiko. Alinigeukia mimi, akaongea nami uso kwa uso.

"Baba, nisamehe, nitakujibu mwenyewe. Mimi nilisema hii. Sikusema huyu. Mtu siwezi kumwita hii, mama yangu angenifinya. Nilikuwa naongelea fankisheni."

"Fankisheni ndiyo nani?" akauliza mzee mmoja.

"Siyo mtu, babu. Programu ya kompyuta imegawanywa vipande vipande, kila kipande na kazi yake. Hivyo vipande ndivyo fankisheni. Kimoja kinakiita kingine kikisaidie. Kila kikiita, mashine inaacha ilichoshika, inakwenda kule, inafanya, inarudi. Sasa kama kazi yenyewe ni ndogo, safari inakula muda kuliko kazi. Kompaila ikiwa na akili inakichukua kile kidogo na kukinakili pale pale kinapoitwa. Safari hakuna tena. Mimi na mwenzangu hiyo tunaita kumeza. Ni utani wetu tu."

"Na kubwa mnaiachia nini?" Hilo swali liliponyoka mdomoni mwangu mwenyewe.

"Kubwa ukiinakili kila mahali programu inavimba. Mashine ina kumbukumbu moja ndogo ya karibu, yenye kasi. Programu ikivimba haienei mle, badala ya kukimbia inatambaa. Kwa hiyo lazima uchague. Kompaila yetu ilikuwa inachagua kwa ukubwa peke yake. Ndogo, meza. Kubwa, acha. Ilikuwa inakosea sana. Mimi naifundisha itazame programu ikiwa kazini, ione kweli ni ipi inaitwa mno na ipi haiitwi kabisa. Pia ione ikimeza hiki, ni mambo gani mengine yatakuwa hayana haja tena. Pengine kubwa kidogo inafaa kumezwa, na ndogo inafaa kuachwa."

Akaona bado hatujaelewa. Akasema:

"Baba, kwenye mashine yako ya kukamua alizeti, spana ya kumi na tatu umeifunga kwa mnyororo pale pale. Kwa nini?"

"Kwa sababu inatakiwa kila saa."

"Na jeki kubwa?"

"Iko stoo. Ukilundika kila kitu pale, mtu atasimama wapi?"

"Basi," akasema, na akatabasamu kidogo, maskini, alidhani tumefika. "Wewe mwenyewe umeshameza, Baba."

Nilielewa! Mimi wa darasa la tatu nilielewa kila kitu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kwa miaka ishirini nimekuwa nikiifanya kazi ile kwa spana, na yeye anaifanya kwa maneno ya mashine. Sikuona hata tundu la kuingiza shaka, na mimi shaka huniingia hata kwenye uji.

Lakini nje ya ua sauti ya mwanamke ikasema, "Mmesikia? Anasema na mzee naye kameza!"

Macho yote kwangu. Hayakuwa kwa mkwe tena.

Jirani akanigeukia. "Sasa mwenye mji, tunasemaje? Watu wako nje."

Ndugu msomaji, dhambi yangu iko hapa. Kushuku nimeshuku maisha yangu yote, pengine Mungu amezoea. Lakini hapa nilikuwa najua. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu, "Nilisikia vibaya, jamani." Basi! Kiburi kikanizuia. Mimi, ambaye mizani haijawahi kunidanganya, nikiri kwamba nimedanganywa na masikio yangu? Na nikimtetea, si watasema ni kweli tunameza pamoja?

Nikasema, "Mambo haya ni mazito. Tutayaangalia."

Tutayaangalia! Neno la mwoga aliyevaa koti!

Mwanaidi alinitazama. Aliona kwamba nimeelewa, hilo nalijua, nilimwona akiona. Akainama, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi tulikuta majivu yamemwagwa mlangoni mwa stoo. Mchana jiwe likatua juu ya bati, mtoto amelala ndani. Halafu la pili. Mke wangu alitoka akawatukana Kisukuma mpaka wakatawanyika, mwanamke yule mfupi, peke yake. Mimi nilikuwa nimekaa sebuleni na trekta na heshima zangu.

Kijana akaja na gari la kukodi. Hakuzima hata injini.

"Baba, ulimwambia jirani kwamba mke wangu anameza watoto?"

"Nilisikia..."

"Naye alikueleza ulichosikia?"

"Alinieleza."

"Ulielewa?"

Ningeweza kusema sikuelewa. Angeniamini, darasa la tatu mimi. Nikasema, "Nilielewa."

"Afadhali ungekuwa mjinga, baba," akasema. Hajawahi kuniambia neno kama lile tangu azaliwe.

Wakapakia godoro, kompyuta, beseni la mtoto. Mkwe alipopita mbele yangu alipiga goti kama kawaida yake. "Shikamoo, Baba." Angenitukana ningepona. Shikamoo ile bado inanitembea kifuani.

Baadaye nilijitutumua. Siku ya mnada nikasimama kati ya ng'ombe na watu, nikapaza sauti. "Jamani, yule binti si mchawi! Kosa ni langu! Nilisikia hii nikaelewa huyu!" Unadhani walisema nini? Bibi mmoja alipiga makofi, akacheka. "Masikini mzee, kamloga mpaka anamtetea!" Na mwingine pembeni, si kwa sauti ya kujificha, "Na huo utajiri wake mnadhani ulitoka kwenye pamba?"

Tangu hapo ndoo zinabebwa tupu mke wangu akifika kisimani. Vijana wa mashine wananiaga mapema, jua lingali juu. Jirani yangu, yule yule, anapita njia ya nyuma. Sasa ni zamu yangu kutazamwa mikono.

Wazee wenzangu, nawaambia bila kuwabembeleza. Umesikia neno usilolielewa, uliza. Mila ikikuzuia kuuliza, tuma mtu. Hata mkeo ukimshuku, ni mke wako huyo, mtume yeye! Na ukishaelewa kwamba umekosea, sema palepale, wangali wamekaa, kabla hawajasimama. Wakishasimama hakuna atakayekusikia. Neno mchawi ni jepesi kulitoa, lakini kulirudisha hata trekta halivuti.

Na ninyi vijana wa kompyuta, utani wenu muutazame mnaufanyia wapi. Hilo nalo nalisema, ingawa kosa si lenu.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba mbili za matofali Bariadi. Shamba la pamba Itilima na jingine la alizeti. Trekta moja na jembe lake. Mashine ya kukamua mafuta. Ng'ombe wa kunitosha, mbuzi sijawahesabu. Mke mmoja, anaongea nami mambo ya chakula tu. Simu mbili, zote zina namba ya kijana wangu, zote hazipokelewi. Mjukuu mmoja aliyeondoka kwangu anatambaa. Wanasema sasa anatembea.