Kwa Nini Timu Yetu Haikurusha Mbali

Siku yangu ya kwanza pale chuoni Doha nilikabidhiwa pampu, sindano ya pampu na mfuko wa mipira iliyosinyaa. Mudiri wa Stoo, yaani meneja wetu, Mhindi wa Kerala mwenye sauti ndogo na amri nyingi, akaniambia, "Mama, jaza." Nikamtazama. Mimi nilijua nimeajiriwa kufua. Nilikuwa nimetoka chumba cha kufulia cha hoteli moja kule The Pearl, na kabla ya hapo nilikuwa mlinzi wa mlangoni Al Sadd, napekua mikoba ya wanawake wanaonukia udi. Mpira sikuwa nimeugusa tangu shule ya msingi, Voi. Na huu wenyewe haukuwa mpira wa kueleweka, umechongoka ncha mbili, una mshono wa kamba upande mmoja. Ulikuwa mpira wa Kimarekani, kwa sababu chuo kilikuwa cha Kimarekani, kikauleta Doha pamoja na kahawa yao ya vikombe vikubwa.

Basi nikajifunza. Ukijaza upepo mwingi mpira unateleza mkononi, ukijaza kidogo unayumba angani. Ukimaliza unaupanga rafuni mshono ukiwa juu, yote ikitazama mlango. Huo mpango niliutunga mwenyewe, na ole wake mchezaji aliyenirudishia mpira kwa kuutupa tu. "Mshono juu!" nilikuwa nawafokea. "Hata kwenu vyombo mnavirusha hivyo?" Vijana wakanipa jina, Mama Stoo, nami nikalikubali. Helmeti nilizipangusa mimi, pedi za mabega nilizianika mimi, na jezi zilizorudi zimelowa jasho nilizifua mimi. Jasho la Doha, nawaambia nyinyi vijana mnaotafuta kazi Ghuba, si jasho la mchezo. Upepo wa baharini ukiingia jioni, unaweza kukamua fulana ya mtu aliyekaa tu.

Kocha Mkuu wa wakati ule alikuwa mtu wa utaratibu mpaka anachosha. Mazoezi yalifunguliwa kwa filimbi fupi na kufungwa kwa filimbi ndefu. Ikishalia hiyo ndefu, wachezaji wote wanajibu kwa pamoja, "Khalas!" yaani yamekwisha, neno la Waarabu ambalo Doha kila mtu analitumia. Kabla ya hapo hakuna anayevua helmeti, hata kama mvua ya mawe inanyesha. Nami kabla ya hapo siruhusiwi kukusanya jezi. Filimbi yenyewe ilikuwa ya chuma, inatundikwa stoo kwangu kwenye msumari, na haipulizwi na mtu mwingine ila Kocha Mkuu.

Niwaeleze kidogo mchezo, ndipo mnielewe. Kuna mrushaji, anasimama nyuma na mpira. Kuna wapokeaji, wanakimbia. Mrushaji anaweza kumpa mtu wa karibu, hiyo ni pasi fupi, au aachie mkono mpira upae kabisa mpaka kona ya mwisho wa uwanja, na mpokeaji aufukuzie huko huko. Hiyo ndiyo pasi ndefu, na ndiyo inayowainua watu vitini.

Mrushaji wetu alikuwa Brayo, mtoto wa nesi Mkenya anayeishi Al Wakrah. Mpokeaji wake alikuwa Mugisha, Mganda wa Mbarara, mrefu, miguu mirefu, kicheko kirefu. Walikuwa chanda na pete. Brayo akirusha, Mugisha yuko. Akidaka anakimbia mpaka kona, halafu anauweka mpira chini polepole, mshono juu, ananipungia mkono kutoka kule. "Mama Stoo, umeona? Mimi niko na adabu!" Hata "Khalas!" yake ilikuwa inachelewa kila siku kwa kicheko. Nilimpenda yule mtoto, sifichi.

Sasa ikawa Mugisha ameangusha pasi mbili kwenye mechi moja, tukafungwa. Mazoezi yaliyofuata Kocha Mkuu alimweka akimbilie pasi ndefu peke yake, Brayo anarusha, wengine wamesimama wanatazama. Ilikuwa Septemba, jua halijatua, hewa nzito. Kuna kipimo cha joto kinachowekwa pembeni ya uwanja, kikifika rangi nyeusi mazoezi yanasimama. Kilikuwa cheusi. Nilimwona Mudiri wa Stoo akikionyesha kwa kidole. Kocha Mkuu akasema, "Moja tena." Mugisha akakimbia. "Moja tena." Brayo akasema, "Kocha, amechoka." "Rusha." Akarusha. Mugisha akaudaka, akafika kona, akainama kuuweka mpira chini, akalala pale pale.

Tulikimbia wote. Maji, barafu, kelele, gari la wagonjwa. Hakufika usiku akiwa hai. Mama yake nilizungumza naye kwa simu kwa sababu ni mimi tu niliyejua maneno ya kumwambia mama, na hata hayo hayakuwa maneno. Kocha Mkuu akaondolewa, akarudi kwao bila kuaga mtu.

Msimu uliofuata akaja Kocha Mkuu wa pili, Mmarekani mweusi, mtu wa kanisa, mpole wa sura na mkali wa kazi. Timu ikaanza kucheza, na watu wakaanza kucheka. Pasi fupi. Pasi fupi. Pasi fupi tena. Brayo alikuwa na mkono wa kupasua ukuta, lakini mpokeaji akiwa peke yake kule mbali, anapunga mikono, hana mtu karibu, Brayo anamwangalia kisha anampa mpira mtu aliye chini ya pua yake. Mashabiki wakatuita timu ya kupeana chai. Na si Brayo tu. Mrushaji wa akiba naye vivyo hivyo. Wapokeaji wenyewe wakitumwa mbali walikimbia nusu wakakata kona.

Siku moja nikamkalisha Brayo stoo. "Brayo, wewe mkono umekufa?"

"Haujakufa, Mama."

"Basi unaogopa nini?"

Alikuwa anachezea kamba ya kiatu. "Siogopi. Nikirusha mbali, yeye anakimbia. Nasikia viatu vyake. Nasikia anavyohema, Mama, ile kuhema ya mwisho. Mimi ndiye nilimkimbiza siku ile. Sitaki akimbie tena. Wenzangu pia wanasikia. Tumekubaliana tu, hakuna kurusha huko."

Nikamwambia ni majonzi, aende akaongee na mtu wa ushauri. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mzima. Lakini alipotoka nilifunga mlango kwa komeo.

Maana na mimi nilikuwa na yangu. Ninafika asubuhi na mapema, na miezi ile ya umande nyasi za Doha zinalowa mpaka zinang'aa. Kutoka katikati ya uwanja kwenda kona ya mbali kulikuwa na njia ya mtu aliyekimbia, umande umefutika, hatua zimeachana sana, za mtu wa miguu mirefu. Zinakwenda. Za kurudi hazipo. Nilijiambia ni mlinzi, nilijiambia ni paka, ingawa paka gani huyo wa hatua kama zile.

Halafu ikaja siku mrushaji mwingine wa akiba, kijana mgeni ambaye hakuwa amekubaliana na mtu, akaachia pasi ndefu mazoezini. Mpira ukapaa, ukapita taa, ukashuka kona ile. Tukangoja kishindo chake. Mpira ule ukianguka unasikika, puu, mpaka jukwaani. Haukusikika. Nilikwenda kuuchukua mimi, kwa sababu hakuna aliyejitolea. Niliukuta umewekwa chini kwa adabu, mshono juu. Nilipouinua ulikuwa wa moto, na umelowa jasho. Yesu wangu! Nilirudi nao nikiushika mbali na kifua, na sikumwambia mtu.

Kocha Mkuu hakujua hayo. Alichojua ni kwamba tunafungwa. Jumapili akamwita Brayo mbele ya mlango wa stoo, nami niko ndani nasikia kila neno. "Alhamisi tuna mechi," alisema. "Mpira wako wa kwanza kabisa, unaurusha mbali. Usiporusha, unamkabidhi Mama jezi yako, na hutaivaa tena."

Brayo akajibu, "Ndiyo, Kocha." Akaingia stoo, akakaa juu ya ndoo, akalia kama mtoto wa nasari. Huo mpira ulikuwa maisha yake. Na Mugisha alikuwa rafiki yake. Akimkimbiza, amemtesa. Asipomkimbiza, amejifuta kwenye timu. Nilimpa maji, sikuwa na kingine.

Siku iliyofuata Mungu akanionyesha. Mazoezi yalikuwa yameisha, lakini Kocha Mkuu alipigiwa simu, akaondoka akiongea, akaingia ofisini. Filimbi shingoni. Vijana wakabaki wamesimama uwanjani na helmeti zao, jasho linachuruzika. Nikawapigia kelele, "Njooni mvue, nifue!" Mmoja akajibu, "Mama, hajapuliza." Walisimama vile vile mpaka alipokumbuka akarudi.

Nikawatazama wale watoto. Kisha nikatazama kona ya mbali. Siku ile Mugisha alipoanguka tulikimbia sote. Kocha Mkuu wa kwanza naye alikimbia, filimbi ikaanguka nyasini, nikaiokota mimi. Hakuna aliyepuliza. Mazoezi yale yalikuwa bado hayajafungwa.

Nilikwenda ofisini sikubisha hata hodi. Nikamweleza Kocha Mkuu yote, viatu, umande, mpira wenye jasho. Alinisikiliza mikono kidevuni.

"Mama Stoo," akasema, "mimi ni mtu wa sala. Haya mambo siyaamini."

"Mimi pia ni mtu wa sala. Sikuombi uamini. Nakuomba upulize."

"Kwa nini mimi? Sikuwako. Sikumjua."

"Nani amekuuliza kama ulimjua? Filimbi ni ya Kocha Mkuu. Kocha Mkuu ni wewe. Yule mtoto alimtii Kocha Mkuu mpaka akafa, na bado anatii. Basi mwambie!"

Nilikuwa nimempazia sauti mkubwa wangu wa kazi. Nilijua naweza kurudishwa Kenya kesho yake. Akasema nitoke.

Jumatano, jua likielekea kutua, mazoezi yalipokaribia kuisha, Kocha Mkuu akawaita vijana katikati. Akamwambia Brayo, taratibu kabisa, "Moja. Ya mwisho. Kule." Brayo akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa. Akaachia mkono.

Mpira ukapaa. Wapokeaji wote walikuwa wamesimama mbele ya macho yangu, hakuna hata mmoja aliyetoka. Lakini viatu tulivisikia, vinakata nyasi, vinakwenda mbali. Na ile pumzi. Nilimwona Kocha Mkuu akigeuza kichwa kufuata sauti, uso wake umekuwa wa kijivu. Mpira ukashuka konani, kimya. Kocha akatia filimbi mdomoni, ikamponyoka, akaitia tena. Akapuliza ndefu, mpaka pumzi ikamwishia.

"Khalas!" vijana wakaitikia.

Ikapita nafasi ndogo. Kisha kutoka kona ile, mtu mmoja, amechelewa kama alivyokuwa anachelewa siku zote, anahema na anacheka, "Khalas!"

Ndipo mpira ukaanguka. Puu.

Brayo aliufuata mwenyewe. Alipiga magoti pale konani muda mrefu, na tulimwacha. Aliporudi nao ulikuwa baridi na mkavu. Alhamisi alirusha mbali mpira wa kwanza, mpokeaji akauangusha, na mechi tukafungwa. Hakuna aliyejali. Jezi yake alibaki nayo mpaka akahitimu, na leo ni msaidizi wa kocha pale pale.

Mimi nilistaafu umri ulipofika. Walinifanyia sherehe nzuri, keki, hotuba, Mudiri wa Stoo akalia, akanichekesha. Kocha Mkuu alikuwa safarini na timu, yeye na filimbi yake, hakuwahi. Nikapanda ndege. Sasa niko Voi, nafuga kuku, wajukuu wananisumbua, na nawaambia vijana wanaoniuliza habari za kazi: ipende, lakini mkubwa akisema "moja tena" na kipimo ni cheusi, kataa. Kaeni chini hapo hapo nyasini. Mugisha hakukataa.

Kuna jambo moja. Tangu nirudi, naamka asubuhi mikono imechoka, dole gumba linauma, lile nililokuwa nabonyezea mipira. Binti yangu anasema ni uzee. Nilidhani hivyo pia, mpaka Brayo aliponitumia ujumbe wa sauti. Anasema stoo inafungwa jioni mipira ikiwa imesinyaa, na asubuhi wanaikuta imejazwa, imepangwa rafuni, mshono juu, yote inatazama mlango. "Mama," anasema, sauti imemshuka, "wewe mzima?"

Nikamjibu mimi mzima, namshukuru Mungu. Akaniuliza kama amwambie Kocha Mkuu anipulizie.

Nilikaa na simu mkononi mpaka kuku wakaanza kunidai chakula. Kisha nikamwambia, mwanangu, mwambie asipulize kwanza. Msimu unaanza mwezi ujao, na huyo kijana mliyemweka stoo hajui kujaza.