Siku Niliyowaita Wakwe Zangu Wauaji

Aibu hii ningeweza kuificha, maana walioiona ni watu wa Mwamgongo na mimi ni mtu wa Ujiji, lakini kila nikinyamaza watu wananisimulia mkasa wangu mimi mwenyewe, tena wanaukosea, kwa hiyo acha niuseme kwa mdomo wangu na hasira zangu zote. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi niliyesimama katikati ya posa ya mwanangu nikawaambia wakwe wamenitilia sumu. Cheka umalize, halafu usikilize.

Mimi nauza mawese. Shule niliiacha darasa la tatu, nikaanza kubeba dumu kichwani kutoka Kidahwe, na leo nina nyumba na stoo na sijawahi kugonga mlango wa mtu kuomba chumvi. Mtu wa namna hiyo hapendi kuambiwa kula hiki, usile kile. Sasa kulikuwa na maumivu yananijia chini ya mbavu za kulia, hasa nikishakula vya mafuta, yananyonga saa nzima, mengine yanapanda mpaka begani, halafu yanaondoka bila kuaga. Duka la dawa wakaniuzia dawa za vidonda vya tumbo (nani aliwaambia nina vidonda? Mimi mwenyewe!). Jirani mmoja akasema ni chango, mwingine akasema biashara yangu ina macho ya watu, na wote nikawasikiliza. Mke wangu, Mama Rama, ndiye peke yake niliyemziba mdomo.

"Baba Rama, nenda hospitali wakupige picha ya tumbo."

"Picha nitapiga siku ya harusi ya mwanao," nikamjibu.

Maana Rama alikuwa amempata binti wa Mwamgongo, Zawadi, mtoto wa Mzee Bilali mvuvi wa dagaa, na mwanangu alimpenda huyo binti kiasi kwamba akiitwa haitiki. Asubuhi ya posa, naingia kwenye boti na mdogo wangu Hamisi, mke wangu ananiambia nikifika niombe samaki wa kuchemsha, niseme naumwa. Niombe! Mimi nimekwenda kumwombea mwanangu mke, halafu nianze kuagiza chakula cha wodini? Nikaona bora tumbo liume kuliko jina lichafuke. Hapo ndipo nilipopotea, hapo hapo, wala msitafute pengine.

Mama Zawadi alipika. Migebuka, samaki wetu wa ziwani, imekaangwa ikarudishwa kwenye mchuzi wa mawese, na mbuzi wa mafuta mafuta, na mimi muuza mawese nikayaona yale ni mawese safi, mekundu, hayajachakachuliwa, nikachovya ugali nikarudia, nikasifia kwa sauti mpaka nyuma jikoni wakasikia. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni. Sasa Mzee Bilali alikuwa ameitwa nje kidogo, kuna mtu na wavu wake huko, kurudi anakuta tumeshaanza. Nililiona hilo. Nikaliweka moyoni.

Mazungumzo yakaenda vizuri, mahari tumekubaliana, Hamisi anashukuru kwa niaba ya ukoo, ndipo mbavu za kulia zikakamatwa. Si yale maumivu niliyoyazoea. Jasho likanitoka, mgongo ukashikwa, pumzi haiendi, na kichwani mwangu, badala ya kukumbuka miezi yote ile ya kuumwa, nikakumbuka mwenyeji hakuonja.

Nikasimama. "Wamenilisha!" nikapiga kelele. "Hamisi, hawa watu wamenilisha!"

"Yewe, kaka, kaa chini," Hamisi akasema.

"Nipe mawese! Si ya humu ndani! Ya dumu letu!"

Huku kwetu nani hajui kwamba mawese yanaua sumu? Tumekua tukiambiwa hivyo. Hamisi akachota kwenye dumu tulilowaletea kama zawadi, nikanywa kikombe kizima bila kupumua, mbele ya wazee wa watu. Ndugu zangu, nilichoongeza pale ni kuni kwenye moto. Nikaanguka magotini nikatapika, yakatoka maji ya njano yenye ukijani, na mimi huku nakufa nanyoosha kidole: "Si mnaona! Sumu hiyo inatoka!" Dirishani kumejaa vichwa vya majirani.

Mzee Bilali hakubishana. Alivuta sahani yangu, ile ile niliyokuwa nikila, akaanza kula. Akala nyama, akala samaki, akapangusa mchuzi na tonge la mwisho, nyumba nzima inamtazama. Mama Zawadi yuko mlangoni na mwiko mkononi, akasema polepole, "Tangu alfajiri nimesimama jikoni kwa ajili yako, baba. Umeniita muuaji mbele ya mwanangu."

"Mbebeni," mumewe akasema. "Akifia hapa, itakuwa kweli."

Nikabebwa mpaka boti ya mtu niliyemwita muuaji, akaiendesha mwenyewe mpaka Kigoma.

Hospitali daktari alikuwa binti wa umri wa Zawadi. "Shikamoo mzee. Maumivu yameanza lini?"

"Leo. Nimelishwa."

"Leo tu?"

Hamisi akasema hapana, ni miezi. (Nilimchukia!) Daktari akanibonyeza chini ya mbavu za kulia akaniambia vuta pumzi, pumzi ikakatika nikapiga ukelele. Akanitazama macho, akasema yameanza unjano, na mwili una homa. Wakanipima kwa ile mashine ya picha, halafu akaniambia mbele ya Mzee Bilali aliyesimama ukutani na kofia mkononi.

"Mzee, hakuna aliyekulisha. Mfuko wako wa nyongo una mawe, na jiwe moja limeziba njia. Ukila mafuta, mfuko unajikaza kutoa nyongo. Kile kikombe cha mawese kimeukamua mfuko ambao tayari ni mgonjwa."

"Mawese ni dawa!" nikamfokea.

"Si ya hili. Na mawe haya hayakuanza leo. Ungekuja mapema tungepanga mambo kwa utulivu. Sasa una homa na macho ya njano, hii ni hatari ya kufa."

Nilikasirika, nikakosa wa kumkasirikia. Nilipogeuka ukutani, Mzee Bilali alikuwa ameshatoka. Nikawekewa dripu na dawa, wakalitoa lile jiwe lililoziba, baadaye wakanipasua wakautoa mfuko wote (mtu anaishi bila huo mfuko, mimi hapa nasimulia). Lakini kitandani nilichokiogopa si kisu. Rama alikuja akakaa miguuni pangu, akasema, "Baba, Zawadi hapokei simu. Na mama yake, maandazi anayouza hayanunuliwi tena. Watu wanasema ana mkono wa sumu."

Neno langu moja, limekwenda kukaa kwenye kikaango cha mwanamke wa watu!

Mshono ulipopona nikapanda boti. Mzee Bilali hakunikaribisha ndani. "Uliyasema mbele za watu," akasema, "yafute mbele za watu." Basi nikasimama ufukweni pale dagaa zinapoanikwa, mbele ya wanunuzi na wachuuzi, nikapandisha shati nikawaonyesha mshono, nikasema mimi ni mjinga, niliumwa miezi nikakataa hospitali, mama huyu hana kosa. Vijana wakacheka. Mzee mmoja akauliza, "Sasa aliyekutilia hayo mawe tumboni ni nani?" Nilitaka kumpiga!

Baada ya hapo Zawadi akapokea simu, na harusi ilifungwa. Lakini nawaambia nyie mnaosema vidonda, chango, jicho: mtu akikamatwa chini ya mbavu za kulia baada ya mafuta, yakaja yakaenda, mpelekeni akapimwe, na akipata homa na macho ya njano msimnyweshe kitu, kimbieni naye. Mimi sitarudia kumpa jirani kazi ya daktari, na sitamtaja mtu jina wakati tumbo linauma.

Juzi nilikwenda Mwamgongo kumwona mjukuu. Mama Zawadi alinisalimia vizuri, akaniwekea kiti, akaingia ndani, akatoka na chupa ya maji ya dukani ambayo haijafunguliwa.

"Kizibo hicho sijakigusa, mkwe," akasema. "Fungua mwenyewe."

Nikafungua. Nikanywa yote, uso unaniwaka moto.