Shahidi wa Kifo cha Orrin Pettibone

Almira Pettibone alikuwa fundi cherehani, na katika mji wote wa Bellfork, Kansas, hakuna aliyewahi kusema kwamba alimpunja hata uzi. Ndiyo maana siku aliposema uongo, mji mzima uliumeza bila kutafuna.

Mumewe Orrin alishona matandiko ya farasi, na hakuamini Mungu. Wala hakujificha. Jumapili kengele ikilia, alitoa kiti nje ya karakana, akafungua gazeti la watu wa fikra huru, akawasalimu kwa heshima zote waliokuwa wakienda kanisani. "Niombeeni," aliwaambia, "mimi nitawalindia farasi." Na kweli aliwalinda.

Watu wa aina yake walikuwa na desturi moja. Walijua kwamba mkana Mungu akifa tu, watu wa kanisa watadai alitubu dakika ya mwisho, akilia na kutetemeka. Kwa hiyo aliyeona siku zake zinakwisha aliandika karatasi: nakufa kama nilivyoishi, sijabadili neno. Mashahidi wawili wakatia sahihi. Mapafu yalipomshinda Orrin, Februari ya mwaka 1889, mashahidi wake walikuwa mkewe na rafiki yake wa kufa na kuzikana, Kaspar Dressel, fundi saa.

"Wakimzushia, shemeji," Dressel alimwambia Almira, "tutawaziba midomo mimi na wewe."

Orrin alikufa siku mbili baadaye, asubuhi, mkewe akiwa peke yake kando ya kitanda chake. Hakutetemeka. Aliomba supu ya vitunguu, akalalamika kwamba haina chumvi, akalala. Basi.

Mchungaji Stroud akaja kutoa pole. Makaburi yalikuwa ya kanisa, na humo alilala Lettie, binti yao wa pekee, tangu akiwa na miaka sita.

"Sina la kufanya, Bi. Pettibone. Asiyeamini hazikwi mle. Labda kama alisema neno mwishoni. Hata moja?"

Almira akamwona akilini Orrin akiwa peke yake nje ya ua wa makaburi, kwenye malisho ya mtu, na mtoto ndani.

"Alisema, 'Bwana nihurumie,'" akajibu.

Wakamzika kando ya Lettie. Mimi simtupii jiwe. Mama gani asingesema? Balaa ni kwamba uongo ule haukukubali kuzikwa pamoja naye. Mchungaji aliuhubiri kila mkutano wa uamsho, na kila mwaka ukazidi kunenepa, mpaka Orrin, ambaye hakuweza hata kuketi, akawa amepiga magoti. Dressel alisimama na ile karatasi mbele ya duka la unga, watu wakamcheka.

"Mjane mwenyewe kasema! Wewe Mjerumani ulikuwepo?"

Akamwendea Almira, kofia mkononi. "Shemeji, waambie. Sahihi yako hii hapa."

Almira aliogopa watamfukua. "Alibadilika ulipokwisha kuondoka," akasema, macho kwenye sindano.

Dressel hakubisha. Aliaga kwa adabu, na tangu siku hiyo hakuhudhuria tena mikutano ya wenzake wa fikra huru.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Almira ilikuwa ya miaka kumi na moja. Wanawake wa kanisa walimkumbatia wakimwita mke wa aliyeokolewa, naye alijiona mwizi aliyevaa nguo ya marehemu. Kila alipokutana na Dressel barabarani alivuka upande wa pili. Aliona haya, na alistahili kuona haya.

Kisha habari zikaja kwamba Dressel yu mahututi, na amemwita mchungaji. Almira akaacha gauni la bibi harusi mezani, akakimbia.

"Shemeji, nilidanganya," alisema hata kabla ya kuketi. "Orrin hakutubu. Hakuogopa chochote. Nilitaka alale na mtoto, basi. Usimwite mtu kwa sababu yangu."

Dressel akatabasamu kwa upole ambao ulimuumiza Almira kuliko tusi.

"Una huruma, shemeji. Umesikia naogopa, ukaja kunitungia maneno ya kunituliza."

"Sikutungii! Haki ya nani, nasema kweli!"

"Hata Orrin ulimtilia sahihi ile karatasi ili afurahi tu. Nilikuelewa siku nyingi. Kama yeye, simba yule, aliishiwa nguvu, mimi ni nani nijikaze?"

"Nitamwambia mchungaji mwenyewe. Mbele yako."

"Atasema ni huruma. Hata mimi nasema hivyo."

Viatu vya Mchungaji Stroud vikasikika ngazini. Dressel akanyoosha mkono.

"Nishike, shemeji," akasema. "Ulimshika yeye pia, sivyo?"

Almira akaushika, akalia, na mchungaji alipoingia alimshukuru Mungu kwa machozi yale.