Boya Lenye Namba ya Mwongeli

Mwongeli huziba matangi ya plastiki kando ya barabara, Witeithie, mlango wa pili kutoka duka langu la mbao. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa na bado wateja wapya, wakimwona mwanamke, humwuliza, "Fundi yuko wapi?" Yeye huwaonyesha jiko la makaa lenye vyuma vyekundu, kisha huwaambia wapange foleni. Foleni yenyewe mara nyingi haipo, lakini huyo ndiye Mwongeli.

Akimaliza kuziba ufa, huchukua chuma chembamba cha moto na kuchoma namba yake ya simu kando ya kovu. Tangi likivuja, mwenyewe ajue wa kumpigia. Katika miaka yote hiyo amepigiwa mara mbili, na mara zote mbili ufa ulikuwa mpya, pahali pengine. Hilo atakwambia hata kama hukumwuliza.

Mwaka jana alikuja Boaz, mhandisi kijana mwenye karakana Ruiru. Alikuwa anaunda boya la kuzalisha umeme wa mawimbi. Boya likipanda na kushuka baharini huvuta kamba, na kamba huzungusha mtambo. Bahari iko mbali na sisi, kwa hiyo alilijaribu kwanza Murera, kwenye kwari ya zamani, shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji. Mawimbi yalitengenezwa na pikipiki, iliyokwenda na kurudi ikivuta kamba ya kulipandisha na kulishusha boya kutwa nzima. Nilikwenda kutazama, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kilichomshinda Boaz ni maji kuingia ndani. Maboya matatu aliyoyaunganisha kwa gundi ya bei kali yalizama palepale kwenye kwari. Ndipo mtu akamwelekeza kwa Mwongeli.

Mwongeli alikata matangi mawili meusi, akayaunganisha mdomo kwa mdomo, akiziba kwa vipande vilivyoyeyushwa vya plastiki ileile. Plastiki ya kigeni, anasema, haishiki, hujifanya tu imeshika. Siku ya kulifunga boya, kisanduku cha kumbukumbu za umeme kikiwa tayari ndani, kiberiti chake kilipotea. Akanishika mimi.

"Baba Dianah, rudisha kiberiti yangu. Ni wewe ulikuwa umekaa hapa."

"Mimi sivuti sigara, Mwongeli!"

"Na nani amesema sigara? Kwako hakuna jiko?"

Hatukusemezana siku mbili. Hasira zilizobaki alimmalizia Boaz, aliyemkuta akipasha moto kile chuma cha namba.

"Mathe, hiyo namba zii, usichome," Boaz alisema. "Hii ni prototype ya majaribio, si tangi ya ploti. Tumetengeneza stika iko na logo."

"Stika ni yako, kazi ni yangu. Kama hutaki namba, nakata hii kitu saa hii."

Boaz aliutazama msumeno mkononi mwa Mwongeli, akaenda kubandika stika yake upande wa pili.

Boya lilikaa kwenye kwari wiki sita na kisanduku hakikuonyesha hata dalili ya unyevu. Likapelekwa Kilifi. Siku ya kumi na moja baharini, ishara zake kwenye simu ya Boaz zilikatika, na walipokwenda na mashua hawakukuta kitu. Boaz alirudi na jibu moja: kiungio kilivuja, boya limezama. Ndivyo alivyotaka kuandika katika ripoti ya wafadhili. Habari ilifika Witeithie kabla yake. Shule iliyokuwa imempa Mwongeli matangi sita ikampa fundi mwingine, na wateja wakaanza kupita mlango wake bila kugeuka.

Niliumia kumwona amekaa kando ya jiko baridi. Jina lake ndilo lililomlisha miaka yote hiyo.

"Haikuvuja," aliniambia. "Kazi yangu naijua."

Na mimi, Mungu anisamehe, sikumwamini sana.

Jumamosi moja, ripoti ikiwa imebakiza siku mbili, simu yake ililia. Alikuwa mwanamke mkulima wa mwani, pwani ya Kwale, mwenye Kiswahili kitamu hadi tukaona haya kumjibu.

"Hujambo mama? Nimeikuta namba yako imechomwa kwenye pipa kubwa jeusi. Limekwama kwenye mwani wangu tangu jana, na kamba yake imekatika."

Mwongeli aliuliza swali moja tu. "Inaelea?"

"Laelea, mama. Twalikandamiza, lakataa kuzama."

Sikuwahi kumwona Mwongeli akilia kabla ya siku hiyo. Alilia huku anacheka, akanipiga mgongoni kwa koleo, kisha akampigia Boaz. "Injinia, hiyo ripoti yako usitume."

Stika ya Boaz ilikuwa imebanduka zamani. Boya lilirudi Ruiru kwa lori, limeota magamba ya bahari, baada ya siku arobaini na tatu majini. Mwongeli aliombwa alifungue mwenyewe, wafadhili wamesimama na Boaz anauma kucha. Msumeno ukapita. Ndani kulikuwa kukavu kabisa, na kisanduku kilikuwa na rekodi ya kila wimbi hadi dakika ile kamba ilipokatika, mtambo ukasimama na ishara zikakosa umeme. Ukiona vyaelea vimeundwa, na hiki kiliundwa Witeithie.

"Mathe, nilikukosea," Boaz alisema. "Nilikuwa karibu kukuharibia jina."

Mwongeli alikuwa ameingiza mkono ndani ya boya, anapapasa chini ya kisanduku, na akatoa kiberiti. Wageni hawakuelewa kwa nini mimi na yeye tulitazamana vile. Akachomoa njiti, akaikwangua mara moja, ikawaka.

Aliishika mpaka moto ukakaribia vidole. "Baba Dianah," akasema mbele ya wafadhili wote, "nisamehe. Hukuiba."

Nilimsamehe. Sasa anaunda maboya mengine manne, na kila moja lina namba yake. Kiberiti nilikichukua siku ileile, na mpaka leo kiko kwenye rafu dukani kwangu. Anajua, na hajakidai.