Punje Langoni

Ofisi ya soko ilitangaza, kwa faida ya usafi na mpangilio, kwamba kuanzia Jumatatu punje ya nafaka ya aina yoyote isionekane langoni. Nafaka zote zihamie nyuma ya maghala, vitafunwa vibaki. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ile ile ambayo Mama Mlipuko hufungia mwavuli wake.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya sufuria yake. Anauza bisi, na tangu asome tangazo usingizi ulimkimbia. Bisi ni mahindi mpaka zipasuke, na yeye huzikaanga pale pale, mfuko wa mahindi ukiwa miguuni. Nyuma ya maghala hupita wapagazi na punda, na hakuna hata mmoja kati yao anayejulikana kwa kununua bisi.

"Shemeji," alisema fundi viatu wa jirani, aliyemwita hivyo ingawa hakuna ndoa iliyowahi kuwaunganisha, "kwani wewe ni nafaka au kitafunwa?"

"Mimi ni mtu mwenye kazi. Shona viatu."

"Nauliza tu. Wakikukuta na punje moja, kwaheri. Nitakuja kukusalimia huko kwa punda."

Jumatatu aliacha jiko na mahindi nyumbani. Alikuja na beseni la bisi alizokaanga kabla hakujakucha. Lakini kila mkaango una wakaidi wake, punje zinazogoma kupasuka na kujificha chini. Siku nyingine wateja huzitema bila kesi. Leo zilikuwa ushahidi. Alipekua beseni zima kwa vidole, akazichomoa moja moja na kuzitia mfukoni mwa aproni, na kila alipotikisa ili ahakikishe, nyingine zikajitokeza. Bisi zilikuwa zimepoa na kulegea. Wateja walizitazama, wakapita.

Afisa wa soko alifika, akainamia beseni.

"Nini hiki, mama?"

"Bisi, mheshimiwa. Kitafunwa."

"Hakuna punje?"

"Hakuna kabisa," alijibu, kiganja kimefunika mfuko wa aproni.

Afisa akachota konzi moja, akatia mdomoni, akatafuna taratibu kama mtu anayesoma mkataba. Mara taya likasimama. Kitu kililia *kak*. Fundi viatu akashusha nyundo bila kugonga. Mama Mlipuko alikwisha kujiona kwa punda, na mwavuli wake.

Afisa alizungusha ulimi kwenye jino, akageuka pembeni kwa adabu, akatema.

"Zimepoa," alisema. "Kitafunwa gani hiki? Kesho uje na jiko, ukaange hapa hapa, watu wale za moto."

"Sawa, mheshimiwa."

Mama Mlipuko hakuuliza punje za kukaanga zitatoka wapi. Afisa alichota konzi nyingine ya njiani, akaenda kukagua wauza karanga.

Punje aliyoitema ilibaki chini ya nguzo, pale penye tangazo.